Kadi Zisizofanana Wala Kutofautiana

Kwa miaka kumi na minane nilitunza maktaba ya shule moja ya sekondari, na katika miaka hiyo nilijifunza jambo ambalo halikuwemo katika kitabu chochote nilichokigonga muhuri: mtu akishapewa kiti chenye mikono, huanza kuamini kwamba akili yake imepanda pamoja na makalio. Ninayetaka kusimulia habari zake hakuwahi kupewa kiti cha namna hiyo. Chake kilikuwa na mguu mmoja mfupi, akaupachikia kipande cha raba, akakikalia miaka ishirini na mitatu akipiga chapa.

Jina lake la kwenye orodha ya mishahara halina kazi hapa. Sote tulimwita Bi Nukta. Mwalimu akimletea karatasi ya mtihani yenye sentensi isiyofungwa, hakukaripia wala hakucheka. Aliirudisha karatasi juu ya meza, akaweka ukucha mahali nukta ilipopaswa kuwa, akanyamaza mpaka mwenyewe atoe kalamu. Walimu wengi walimchukia kwa hilo. Binadamu husamehe tusi haraka kuliko anavyosamehe kusahihishwa na mtu aliye chini yake kwa mshahara.

Chumba chake kilikuwa kati ya maktaba yangu na stoo ya chaki, na ukutani kulikuwa na kidirisha tulichopitishiana karatasi, chai na umbeya. Ndani mlikuwa na mashine ya chapa, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na chupa ya dawa ya kufutia makosa iliyonuka kama rangi ya kucha. Kompyuta ilikuja baadaye, ikapelekwa ofisini kwa mkuu wa shule, ikafunikwa kitambaa chenye maua. Ikabaki hapo kama bibi harusi asiyetolewa nje.

Nyumbani Bi Nukta aliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la viatu, pamoja na binti wa dada yake. Dada alikuwa akifanya kazi mji mwingine, akija mara mbili kwa mwaka na begi la nguo. Binti alikuwa kidato cha nne katika shule yetu hiyohiyo, mrefu, mwenye tabia ya kukutazama bila kupepesa hadi umalize uongo wako. Alimwita Bi Nukta mama mdogo, na huyo mama mdogo ndiye aliyemsuka, aliyemuuguza, na aliyemfundisha kutomaliza sentensi kwa “na kadhalika”.

Sasa, mashine ya chapa haijui kuchora. Ina herufi, namba na mkwaju, kile kistari cha mshazari, basi. Mwalimu wa hisabati alipoleta swali lenye mchoro wa mti wa uwezekano, Bi Nukta alipiga maneno kwanza kwenye karatasi ya nta ya kudurufia, kisha akailaza mezani, akachukua rula na kalamu ya chuma isiyo na wino, akakwaruza matawi kwa mkono. Ukiteleza kidogo karatasi inachanika na kazi inaanza upya. Miaka ya mwanzo aliichora miti ile kama mtu anayechora uzio wa shamba la jirani, haimhusu.

Wakati huo mwalimu wa hisabati alikuwa mzee mmoja mkavu kama chaki zake. Siku moja alimwambia hivi: hata kama huelewi swali linauliza nini, angalia kila panda, pale tawi linapogawanyika, ujumlishe namba zinazotoka hapo. Zikikosa kufika moja kamili, usichape, nirudishie. Bi Nukta akauliza kwa nini moja. Mzee akakaa juu ya boksi la karatasi akamweleza. Ndani ya sanduku mna kadi nyekundu na kadi nyeusi. Ukitia mkono utatoka na nyekundu au utatoka na nyeusi. Hakuna mkono unaotoka na kitu cha tatu. Kwa hiyo uwezekano wa nyekundu na uwezekano wa nyeusi, ukiviweka pamoja, lazima vimalize kila kitu kilichopo, na kila kitu kilichopo ndiyo moja.

Maelezo ya dakika kumi, na yalimtosha. Tangu siku hiyo hakuna swali la uwezekano alilolichapa bila kulifumbua kwanza nyuma ya karatasi zilizoharibika. Aliyapenda zaidi yale ya kuchukua kadi bila kurudisha, kwa sababu, kama alivyoniambia kupitia kidirisha, ukichukua moja sanduku zima linabadilika, hata kwa zile ambazo hukuzigusa. Mimi nilikubali kwa kichwa. Hesabu niliziacha darasani nilikozikuta.

Mzee alistaafu, na mahali pake akaja Profesa.

Uprofesa huo alijipa mwenyewe. Alifika na kalamu tatu mfukoni mwa shati, sauti ya kuitisha mkutano, na cheo cha mkuu wa idara ya hisabati alichokipata kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuniambia nikazielewa. Neno alilolipenda ni “dhahiri”. Alipofika mahali asipopajua ubaoni, aliandika “dhahiri”, akaruka mstari, akaendelea na jibu kutoka nyuma ya kitabu. Wanafunzi wakadhani ni upeo wa elimu. Mwanafunzi aliyeuliza swali aliambiwa asimame mpaka swali limtoke.

Kwa maswali ya kadi Profesa alikuwa na njia yake. Alisema: ukichukua kadi nyekundu, kilichopungua ni nyekundu, nyeusi hukuzigusa, basi ziache zilivyokuwa. Sanduku lina kadi nane, tano nyekundu na tatu nyeusi. Umechukua nyekundu moja bila kurudisha. Kwenye tawi la nyekundu inayofuata, Profesa aliandika nne kwa saba, sawasawa kabisa. Kwenye tawi la nyeusi, palepale, ubavuni, akaandika tatu kwa nane. Yaani sanduku hilohilo, kwa wakati uleule, lina kadi saba ukilitazama kwa jicho la kulia na kadi nane ukilitazama kwa jicho la kushoto.

Utauliza alipitaje miaka sita bila kuumbuka. Alikuwa na bahati, na mjinga mwenye bahati ni mbaya kuliko mjinga mtupu, kwani mjinga mtupu hujikwaa mapema. Mitihani yake yote iliuliza uwezekano wa kadi mbili kufanana rangi. Ukifuata nyekundu na nyekundu, kisha nyeusi na nyeusi, matawi unayopita ni yaleyale mawili aliyoyaandika vizuri. Matawi yake mabovu yalikaa pembeni, hayapitiwi na mtu. Bi Nukta alikuwa akiletewa swali peke yake, na mti wa majibu Profesa akiuchora mwenyewe ubaoni.

Mwaka ule mkuu wa shule akaamua kwamba kila mtihani wa majaribio wa kidato cha nne uchapwe pamoja na mwongozo wa usahihishaji. Profesa akaleta karatasi zake akiwa amezikunja kwenye gazeti. Swali la kumi na nne lilikuwa la kadi nane zilezile, na safari hii lilikuwa na vipengele viwili. Kipengele cha kwanza: tafuta uwezekano wa kadi mbili kufanana rangi. Cha pili: tafuta uwezekano wa kadi mbili kutofautiana.

Bi Nukta alipiga maneno, akalaza nta mezani, akashika rula. Kabla ya kukwaruza akajumlisha panda ya kwanza: tano kwa nane na tatu kwa nane, moja. Akaenda panda ya juu ya pili: nne kwa saba na tatu kwa nane. Hamsini na tatu kwa hamsini na sita. Akarudia. Akaenda panda ya chini: tano kwa nane na mbili kwa saba, hamsini na moja kwa hamsini na sita. Akaweka rula chini. Nilimwona kupitia kidirisha akizungusha kalamu ya chuma vidoleni, nikamuuliza kulikoni. Akasema mti una matawi yaliyoliwa.

Alifumbua swali lote kwa njia ya mzee. Kufanana: ishirini na sita kwa hamsini na sita, ambayo ni kumi na tatu kwa ishirini na nane. Profesa alikuwa na hilohilo. Kutofautiana: kumi na tano kwa ishirini na nane. Profesa alikuwa na kumi na tano kwa thelathini na mbili. Kumi na tatu na kumi na tano ni ishirini na nane, ishirini na nane kwa ishirini na nane ni moja, kazi imekwisha. Majibu ya Profesa ukiyajumlisha hayafiki. Yanabakiza kumi na tano kwa mia mbili ishirini na nne.

Alikwenda kumwona idarani na karatasi mkononi. Nilikuwa nyuma yake napeleka vitabu, kwa hiyo sikusimuliwa. Aliongea kwa adabu, akasema huenda kalamu imeteleza, tatu kwa nane ingekuwa tatu kwa saba. Profesa hakuitazama karatasi. Alimtazama yeye, kuanzia viatu, bila haraka.

“Mama,” alisema, “kazi yako ni vidole. Kichwa niachie mimi.”

Walimu wawili wa idara yake wakacheka kicheko kile cha watu wanaongoja kupandishwa daraja. Bi Nukta akasema sawa, akarudi chumbani, akachapa mwongozo kama ulivyoletwa, na panda zenye matawi yaliyoliwa akazikwaruza kwa rula vizuri kuliko zilivyostahili.

Mtihani ukafanyika. Wanafunzi mia na kumi na wawili, katika vyumba vitatu. Wiki iliyofuata binti alirudi nyumbani na karatasi yake ya hisabati, akaiweka mezani mbele ya mama mdogo wake, kwenye kipengele cha pili cha swali la kumi na nne. Alikuwa ameandika kumi na tano kwa ishirini na nane. Juu yake palikuwa na alama nyekundu ya mkasi, na kando yake neno moja: “dhahiri.”

Binti hakulia. Alisema wako tisa waliopata jibu hilo, wote wamekatwa, na kwamba Profesa ametangaza darasani kuwa watu tisa hawawezi kukosea kwa kufanana isipokuwa wamenakiliana. Anapeleka majina yao kwenye kikao cha walimu wasimamishwe masomo. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki saba.

Ukweli ulikuwa mwepesi. Binti alikuwa akijisomea na wenzake maktabani kwangu baada ya vipindi, na aliwafundisha wanane wenziwe kile alichofundishwa nyumbani: punguza kadi zote, siyo ile tu uliyoishika, kisha jumlisha panda. Wengine wote walimfuata mwalimu wao kama kondoo wanavyofuata kengele, wakapewa vema.

Kisha binti akauliza lile ambalo Bi Nukta, aliponisimulia kesho yake, alilisema akiangalia pembeni.

“Mama mdogo, wewe ndiye uliyechapa mwongozo. Uliona?”

“Niliona.”

“Ukachapa?”

“Nikachapa.”

Binti akachukua karatasi yake akaingia chumbani. Hakufunga mlango kwa kishindo. Bi Nukta alisema angefunga kwa kishindo ingekuwa nafuu.

Siku mbili kabla ya kikao Bi Nukta alimwendea mwalimu wa fizikia, mtu msomi kweli, mwenye miwani miwili, wa karibu na wa mbali. Akamwonyesha. Mwalimu wa fizikia aliutazama ule mti kwa muda usiozidi kupiga chafya, akasema Bi Nukta yuko sahihi na Profesa amekosea, tena kosa la aibu. Bi Nukta akamwomba aseme hivyo kikaoni. Hapo ndipo fizikia ilipokatika umeme. Akasema hisabati si idara yake. Akasema ana mtoto anayemtafutia nafasi shuleni. Akasema mambo haya yana namna yake. Akabadilisha miwani, akavaa ya mbali.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa nane mchana, ofisi ya walimu, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Bi Nukta alikuwapo kama siku zote, mwisho wa meza, kwa sababu ndiye aliyeandika kumbukumbu. Hakuna aliyewahi kumhesabu katika waliohudhuria. Hata yeye mwenyewe, katika kumbukumbu zake, hakuwa akijiandika.

Profesa alizungumza dakika ishirini. Alisema taifa linaangamia kwa udanganyifu. Alisema jibu sahihi linaweza kufanana kwa watu wengi, kwa kuwa ukweli ni mmoja, lakini kosa ni la mtu binafsi. Makosa tisa yanayofanana ni ushahidi tosha. Sentensi ile ilikuwa nzuri, na iliniuma kuona sentensi nzuri imekaa mdomoni mwake. Mkuu wa shule, mtu laini ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa umeazimwa na ofisi za juu, akauliza kama kuna mwenye hoja kabla ya kupitisha majina. Walimu wa hisabati wakatazama meza. Mwalimu wa fizikia akatazama dirisha. Mimi nilikuwepo pia, na mdomo nilikuwa nao, na nilijua kila kitu, na nikawa nakagua ukucha wangu. Naandika hili nisije nikaonekana nawadharau wengine nikajisahau.

Bi Nukta akaweka kalamu chini.

“Mkuu, naomba nielekezwe,” alisema. “Kuna kadi sijui nizichape vipi kwenye kumbukumbu.”

Akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na vipande vinane vya jalada la faili, vyote ukubwa mmoja, vitano amevipaka rangi nyekundu na vitatu nyeusi. Akavitia ndani ya sanduku tupu la chaki, akalisukuma kwenye plastiki hadi mbele ya mkuu wa shule, akamwomba achukue kimoja, kisha kingine, bila kurudisha. Mkuu akatabasamu kama mtu anayechezeshwa na mjukuu, akachukua. Nyekundu, kisha nyekundu. Bi Nukta akauliza zinafanana au zinatofautiana. Zinafanana. Akazirudisha zote, akatikisa, akamwomba tena. Nyeusi, nyekundu. Zinatofautiana. Mara ya tatu, zinatofautiana. Mara ya nne, zinafanana. Alifanya hivyo mara saba, na hakuna aliyejua mwanamke huyu anakwenda wapi, na kila mmoja alitamani asiwe yeye atakayefikiwa.

Kisha akauliza kama kuna aliyeona, katika mara hizo saba, kadi mbili ambazo hazikufanana na wala hazikutofautiana.

Mkuu akasema kitu kama hicho hakipo.

“Kwenye mwongozo kipo,” alisema Bi Nukta. “Kufanana, kumi na tatu kwa ishirini na nane. Kutofautiana, kumi na tano kwa thelathini na mbili. Zinabaki kumi na tano kwa mia mbili ishirini na nne. Nauliza hizo ni kadi za namna gani, ili niziandike.”

Profesa akaanza kusema dhahiri. Akaishia “dha”. Mwalimu wa hisabati mdogo kuliko wote, aliyekuwa na miezi minne kazini na bado hajajifunza kutazama meza, akavuta karatasi akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Tukamsikia akifika. Bi Nukta akauchukua mti wa mwongozo, akaeleza kwa maneno yasiyozidi ya mpishi anayetaja chumvi: ukitoa kadi moja zinabaki saba, na saba ndiyo namba ya chini ya matawi yote mawili, siyo tawi lile linalokupendeza. Akasema wale tisa hawakunakiliana. Walihesabu. Waliokubaliana kwenye kosa ni wengine.

Profesa alisimama akiwa amevimba. Alisema hajasoma miaka yote hiyo ili aje afundishwe na mpiga chapa kwa vipande vya faili. Alisema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba hajaugusa mti wenyewe hata kwa kidole. Mwishowe akauliza hadharani ni nani mwenye shahada mle ndani. Mwalimu wa fizikia alikuwa nayo. Akajikuna shingo.

Hapo mtu wa hadithi za kupendeza angekuambia Profesa aliomba msamaha. Aliyekuwa akiongoza kikao chetu alikuwa na hekima nyingine. Mkuu wa shule aliahirisha kikao kwa nusu saa, akarudi na uamuzi: majina ya wanafunzi tisa yanaondolewa “kwa sababu za kiutawala”, na kipengele cha pili cha swali la kumi na nne kinapewa alama zote kwa kila mwanafunzi, aliyepata, aliyekosa, na hata yule aliyechora maua kwenye nafasi ya jibu. Mwongozo haukusahihishwa. Ulifungiwa kabatini. Ndivyo ofisi zinavyoua kosa: hulilaza kitanda kimoja na ukweli, wakafunikwa shuka moja, asijulikane nani ni nani.

Lakini tisa walibaki masomoni, na siyo jambo dogo.

Jumatatu ikaja barua ya onyo kwa Bi Nukta, kwa kuvuruga kikao na kuingilia masuala ya kitaaluma yasiyo ya kada yake. Ilikuja ikiwa imeandikwa kwa mkono na mkuu wa shule, na ilikuja kwake. Mpiga chapa wa shule alikuwa mmoja tu. Mkuu alimtuma mhudumu wa ofisi aiache mezani na kuondoka haraka.

Nilimchungulia kidirishani. Aliisoma mara moja. Akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, akaanza kujichapia onyo. Mstari wa tatu ulikuwa na “uwezekeno”, akaandika uwezekano. “Kitalaama” akaigeuza kitaaluma. Aya ya mwisho haikuwa na nukta, akaweka. Alipomaliza alinisomea yote kwa sauti isiyo na kitu ndani yake, akaniuliza kama inaeleweka. Nikasema inaeleweka kuliko aliyeiandika. Akaipeleka ofisini kusainiwa, ikasainiwa, akarudi nayo, akatia nakala kwenye faili lake, akaniomba sukari.

Nyumbani ilichukua muda zaidi. Binti alikuwa ameshasikia kila kitu, kwani ofisi ya walimu ina kuta nyembamba na wahudumu wenye midomo. Alimpikia mama mdogo wake, akampakulia, wakala. Kisha akamwambia kwamba alama alizopewa kwa kipengele kile hazitaki, kwa kuwa amepewa sawa na waliochora maua. Bi Nukta akamjibu kwamba alama si zake kuzikataa, ila jibu ni lake. Akamwambia pia kwamba siku ile alipochapa alikuwa ameogopa, na kwamba woga wake ulivaa nguo za adabu. Hakuomba asamehewe. Binti akamtazama kwa lile jicho lisilopepesa, kisha akaleta daftari, akasema kuna swali la mipira ya rangi tatu ambalo panda zake zinamchanganya. Wakalifumbua pamoja juu ya meza ambayo haijafutwa.

Mtihani wa taifa binti alifaulu, na wenziwe saba kati ya wanane. Kati ya wale mia waliofuata kengele, sitaki kusema ni wangapi. Swali la kutoa bila kurudisha lilikuwemo, na lilitaka kutofautiana.

Na Profesa? Alipandishwa cheo. Mwaka haujaisha akachukuliwa kuwa mkaguzi wa ufundishaji wa hisabati katika shule zote za eneo letu. Tulimfanyia tafrija, soda na karanga, na mkuu wa shule akasema pengo lake halitazibika. Bi Nukta ndiye aliyechapa kadi za mwaliko. Hakuhudhuria. Alisema ana nta ya kusafisha. Nasikia katika shule anazokagua huwauliza walimu kwa nini wanawachosha watoto kwa michoro ya miti.

Bi Nukta alikaa miezi sita zaidi, kiasi cha kumfundisha yule mwalimu mdogo wa hisabati kumletea miti yake aikague kabla ya kuichapa. Kijana alikaa juu ya boksi la karatasi, akasahihishwa, akashukuru, jambo ambalo pale shuleni lilikuwa la kuonyeshwa kwa kiingilio. Kisha Bi Nukta akaandika barua ya kuacha kazi, mistari minne, akaenda kuomba kazi katika kiwanda cha uchapaji kinachotengeneza vitabu vya shule. Walimpa kurasa ishirini zenye makosa thelathini ya makusudi. Aliwarudishia makosa thelathini na manne. Wakamwajiri kusoma prufu, yaani kurasa kabla hazijachapishwa, siku hiyohiyo.

Nilimtembelea mara moja, saa za mchana, mashine zikinguruma ukuta wa pili. Alikuwa na kalamu ya bluu na rundo la kurasa za kitabu cha hisabati, sura ya uwezekano. Mwandishi wake, mtu wa chuo kikuu, alikuwa amesimama mbele yake na kofia mkononi akingoja. Bi Nukta akageuza ukurasa, akajumlisha panda kwa midomo bila sauti, akageuza mwingine. Mwisho akatia herufi mbili za jina lake pembeni na kumwambia kwamba sura yake haina kosa. Yule bwana akashusha pumzi kama aliyesomewa majibu ya hospitali.

Alipoondoka, nilimwambia Bi Nukta kwamba shule sasa ina mashine mpya na mpiga chapa mpya, msichana mwenye vidole vyepesi. Akauliza kama anasoma anachochapa. Nikasema sijui. Akachukua sura iliyofuata, akanisogezea kigoda, akasema nikae kimya mpaka afike nukta ya mwisho.